Uvimbe kwenye ini la mtu aliyepandikizwa: mwongozo kamili wa kupata picha zinazotoa jibu

Mgonjwa aliyepandikizwa figo anaingia na bahasha tatu mkononi. Ya kwanza ina ultrasaundi inayosema "vivimbe vingi kwenye ini, huenda ni majipu". Ya pili ina siti skani iliyopigwa bila dawa ya kung'arisha picha, ile inayochomwa mshipani: "huenda ni saratani iliyosambaa". Ya tatu ni siti skani nyingine, ya hospitali nyingine, mwezi mmoja baadaye, na imerudia yale yale. Pesa zimekwisha, kreatini (kipimo cha damu kinachopanda figo inapolemewa) imepanda, na katika ripoti zote tatu hakuna hata moja iliyotaja kwamba mtu huyu amebeba figo ya ndugu yake.

Bahasha za namna hii nimeziona mara nyingi, na kila mara inaniuma kwa sababu kosa linaanza mahali palepale. Mashine zilikuwa nzima, na wapigaji picha walijua kazi yao. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia wanamtazama nani. Mwongozo huu nawaandikia waliopandikizwa, ndugu wanaowauguza, na madaktari wa hospitali za wilaya wanaojaza fomu ya kwanza.

## Tunachokitafuta

Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo, ini au moyo mpya zinafanya kazi kwa kushusha kinga. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo wengi wetu huku Afrika Mashariki tunavipata utotoni na kuishi navyo bila kujua, hupata nafasi ya kuamka. Chembe nyeupe za damu vilimojificha huanza kuzaliana bila wa kuzizuia. Wakati mwingine inaishia kwenye tezi kuvimba tu, na wakati mwingine inakuwa limfoma kamili, yaani saratani ya chembe hizo nyeupe. Kwenye fomu na ripoti madaktari huandika PTLD. Zikumbuke herufi hizo nne. Wapo pia wanaopata limfoma hii bila virusi kuhusika, hasa miaka mingi baada ya upasuaji.

Kwa waliopandikizwa figo hali hii huwapata takribani mtu 1 hadi 3 kati ya 100. Kwa waliopandikizwa mapafu au utumbo ni zaidi, na kwa watoto ni zaidi pia. Hatari huwa kubwa katika mwaka wa kwanza, kisha hupanda tena miaka inaposogea. Ndani ya tumbo, ini ni miongoni mwa viungo vinavyoguswa mara nyingi.

Kwa hiyo wengi wenye doa kwenye ini hawana limfoma. Ila kwa aliyepandikizwa, haipaswi kukosekana kwenye orodha ya yanayofikiriwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda popote

- Muhtasari wa upandikizaji: tarehe, kiungo, nani alitoa, figo imewekwa upande gani, na kama vipimo vya Epstein-Barr vilifanyika kwako na kwa aliyekupa. Kama ulipandikizwa India, karatasi hii ni ile ya kuruhusiwa kutoka wodini.
- Orodha ya dawa zote na vipimo vyake: takrolimasi au siklosporini, mikofenoleti au azathioprini, prednisoloni, za presha, za sukari.
- Kreatini pamoja na eGFR (makadirio ya uwezo wa figo kuchuja damu) ya siku saba zilizopita.
- Picha kamili ya damu, vipimo vya ini, LDH (kimeng'enya ambacho mara nyingi hupanda kwenye limfoma), alfa-fetoproteini (alama ya saratani ya ini), homa ya ini B na C, VVU, na kiwango cha takrolimasi kwenye damu.
- Picha zako zote za zamani kwenye CD au flashi. Ripoti ya karatasi haitoshi.
- Namba ya simu ya kliniki inayofuatilia kiungo chako.
- Kibali cha bima kwa siti skani au MRI (picha ya sumaku), kiombwe mapema.

Ukifika na nusu ya hivi, bado nenda. Ila kreatini na orodha ya dawa usiviache.

## Hatua ya 1: Amua kama ni ya leo au ya wiki hii

Nenda hospitali leo hii kama una homa ya nyuzi 38 au zaidi, macho ya njano, kutapika kunakokuzuia kumeza dawa za kiungo, tumbo gumu lenye maumivu makali, mkojo kupungua ghafla, au kuchanganyikiwa. Kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa, homa ndogo inaweza kuficha jambo kubwa.

Kupungua uzito, jasho la usiku linalolowesha shuka, uchovu usioisha, uzito chini ya mbavu za kulia au tezi zilizovimba shingoni vinahitaji miadi ndani ya wiki hii. Usisubiri kliniki ya miezi mitatu ijayo.

Onyo. Usitulize maumivu kwa diklofenaki wala ibuprofeni. Ni dawa za dukani zinazoumiza figo, na siku chache baadaye utahitaji figo hiyo iwe na nguvu ya kupitisha dawa ya siti skani.

Umefanikiwa ukiwa umemweleza mtu wa kliniki yako ya upandikizaji, hata kwa simu, kabla ya picha ya kwanza kupigwa.

## Hatua ya 2: Fomu ya kipimo, hatua inayoharibiwa kuliko zote

Daktari wa radiolojia hasomi picha hivi hivi tu. Anaisoma kwa kulinganisha na swali aliloulizwa. Fomu ikisema "maumivu ya tumbo", atatafuta mawe ya nyongo. Fomu ikisema "homa", ataona jipu. Madoa meusi manne kwenye ini ni yale yale, lakini maana yake hubadilika kabisa ukijua mwenye ini anameza takrolimasi.

Fomu nzuri inafanana na hii. Mgonjwa ni wa mfano tu:

> Mwanamume, miaka 41. Alipandikizwa figo miaka sita iliyopita, figo ipo nyonga ya kulia. Anatumia takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni miligramu 5. Homa wiki tatu, amepungua kilo 6. LDH imepanda. Kreatini 148, eGFR 52. Homa ya ini B hana. Ana fistula mkono wa kushoto. Ultrasaundi imeonyesha vivimbe vya ini. Swali: ni PTLD, majipu, kifua kikuu au saratani ya ini? Je, kuna tezi au vivimbe vingine shingoni, kifuani, tumboni au kwenye figo iliyopandikizwa?

Mistari michache tu, na kila mmoja una kazi yake. Muda tangu upasuaji unapima uzito wa hofu. Hali ya homa ya ini B inainua au kushusha uwezekano wa saratani ya ini yenyewe. Kutaja fistula, yaani mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu, kunamlinda mgonjwa dhidi ya sindano mahali pasipofaa. Na swali la mwisho linamlazimisha mpigaji asiishie kwenye ini.

Wewe mgonjwa, isome fomu kabla ya kuipeleka dirishani. Kama neno "amepandikizwa" halimo, rudi kwa upole: "Daktari, naomba uongeze kwamba nina figo ya kupandikizwa." Si utovu wa adabu. Sijawahi kumwona daktari aliyekataa.

Umefanikiwa ukiwa na fomu ambayo hata mtu asiyekujua akiisoma anajua una kiungo gani, tangu lini, unameza nini, na anatafuta nini.

## Hatua ya 3: Ultrasaundi

Tunaanza hapa kwa sababu haina mionzi, haigusi figo, na ipo hadi hospitali za wilaya.

Kaa bila kula saa sita. Chakula huleta gesi, na gesi huziba njia ya mawimbi. Lakini dawa za kiungo meza kwa saa yake, na maji kidogo. Wagonjwa wengi huruka dozi ya asubuhi wakidhani kufunga ni kufunga kila kitu. Kuna jambo moja tu la kuangalia: kama siku hiyo hiyo unatolewa damu ya kupima kiwango cha takrolimasi, damu itolewe kwanza, ndipo umeze.

Omba vitazamwe vyote: ini, bandama, njia za nyongo, tezi zinazozunguka mishipa mikubwa ya damu, na figo iliyopandikizwa chini nyongani. Omba pia Dopla, yaani kipimo cha mwendo wa damu ndani ya kivimbe.

Limfoma kwenye ini kwa kawaida huonekana kama madoa meusi kuliko ini linaloyazunguka. Hapa ndipo mtego ulipo. Chembe zake zimebanana na zinafanana mno, kwa hiyo mawimbi hupita bila kurudi, na doa linaweza kuwa jeusi kiasi cha kudhaniwa ni maji au usaha. Dopla husaidia: usaha hauna mishipa ya damu katikati yake. Ishara nyingine nzuri ni mshipa wa ini unaopita katikati ya doa ukiwa umenyooka, haukubanwa wala kusukumwa. Limfoma hukua ikiuzunguka mshipa, tofauti na uvimbe mwingi unaouponda.

Wanaotoka kando ya Ziwa Victoria wana jambo la ziada. Kichocho cha muda mrefu hukaza nyama za kuzunguka mshipa unaoleta damu kwenye ini kutoka utumboni. PTLD nayo inaweza kuuzunguka mshipa huo huo. Ultrasaundi inaitenganisha vizuri: kovu la kichocho linang'aa jeupe, limfoma ni nyeusi. Kama umekulia Ukerewe, Sengerema au Mbita, mwambie mpigaji.

Onyo. Ultrasaundi safi haimalizi shauri. Ipo aina ya limfoma inayosambaa ndani ya ini lote bila kufanya kivimbe, na ishara pekee ni ini kuwa kubwa. Dalili zikiendelea, songa mbele.

Umefanikiwa ukiwa na ripoti inayotaja idadi ya madoa, ukubwa wa kubwa kabisa kwa milimita, yako sehemu gani ya ini, kama yana damu ndani, na hali ya figo iliyopandikizwa.

## Hatua ya 4: Ilinde figo kabla ya siti skani

Dawa inayochomwa mshipani ina ayodini na hutolewa na figo. Hofu juu yake ni ya haki, ila imekuzwa mno, na ndiyo inayozaa siti skani zisizo na dawa. Siti skani ya ini bila dawa, kwa swali hili, ni kama kutafuta mtu gizani. Kivimbe cha limfoma na ini lenyewe hukaribiana rangi, na chenye sentimita moja au mbili kinaweza kupotea kabisa.

Fanya hesabu kwa eGFR.

Ikiwa 30 au zaidi na haibadilikibadiliki, hatari ya dawa ni ndogo. Piga picha, kunywa maji vizuri siku moja kabla na siku moja baada, isipokuwa kama daktari amekuwekea kikomo cha maji.

Ikiwa chini ya 30, au kreatini imepanda ghafla wiki hii, daktari wa figo na wa radiolojia waongee kwanza. Haina maana kwamba umekatazwa moja kwa moja. Wanaweza kukuwekea maji ya dripu kabla na baada, au kukupeleka kwenye MRI au PET (tazama Hatua ya 6 na ya 7).

Anayetumia metformini na eGFR yake iko chini ya 30, au figo imeumia karibuni, aisimamishe siku ya kipimo na asiirudie hadi saa 48 zipite na kreatini ipimwe tena. Dawa za kiungo hazisimamishwi. Kama uliwahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya dawa hii, sema kabla hujalala kwenye meza.

Sasa mkono. Waliosafishwa damu kabla ya kupandikizwa wana fistula, na fistula hiyo ni akiba yao siku figo ikichoka. Kanula isichomwe kwenye mkono wa fistula, na presha isipimwe hapo. Toa mkono mwingine. Kwa picha ya ini omba kanula ya kijani, na ikishindikana ya pinki, kwa sababu dawa inaingia kwa kasi. Ile ya bluu inafaa dripu, lakini kwa kasi hiyo haitoshi.

Umefanikiwa ukiwa na kreatini kabla ya kipimo na tarehe ya kuirudia saa 48 hadi 72 baadaye.

## Hatua ya 5: Siti skani yenyewe

Mambo mawili yaombwe waziwazi.

La kwanza ni awamu. Ini hupata damu kwa njia mbili, na kila ugonjwa hunywa dawa kwa mwendo wake. Awamu ya kwanza hupigwa takribani sekunde 35 baada ya dawa kuanza kuingia, ya pili sekunde 70, ya mwisho dakika 3 hadi 5. Limfoma huonekana vizuri zaidi kwenye ya pili: ini limeng'aa, kivimbe kimebaki kijivu. Ikiwa lazima kuchagua moja ili kupunguza mionzi, kwa mfano kwa mtoto, chagua hiyo.

Zile nyingine mbili zinatenganisha vinavyofanana. Saratani ya ini yenyewe hung'aa mapema kisha hufifia. Uvimbe wa mishipa usio na madhara hung'aa kuanzia pembeni na kujaa taratibu kuelekea katikati. Jipu hung'aa ukingoni huku katikati pakibaki maji. Limfoma hung'aa kidogo tu, au ukingo mwembamba, awamu zote.

La pili ni urefu wa picha: kuanzia shingoni hadi nyonga. Limfoma hii hupenda kutokea nje ya tezi, tena sehemu zaidi ya moja, yaani kwenye utumbo, mapafu, hata ndani ya figo iliyopandikizwa. Figo hiyo iko chini, nyongani, na picha ya "tumbo la juu" inaikata nje kabisa. Nimeona mgonjwa akirudishwa kwenye mashine kwa sababu hiyo tu, na dawa ikaingia mara ya pili ndani ya wiki moja.

Kwenye ini lenyewe sura ni tatu. Ya kwanza, na ndiyo inayoonekana zaidi, ni vivimbe, kimoja au vingi, mara nyingi sentimita 1 hadi 4. Ya pili ni ini lililovimba lote lenye mabaka yasiyo na mpaka. Ya tatu ni nyama inayojaa kwenye lango la ini, ikizunguka mishipa na kubana mrija wa nyongo. Hii ya tatu wachunge sana waliopandikizwa ini, kwa sababu wanapopata macho ya njano wengi hudhani ni kovu la mshono wa mrija, na wanawekewa mirija ya plastiki mara tatu kabla mtu hajatazama nyama iliyo nje ya mrija.

Wakati wa kipimo utaambiwa ushike pumzi. Jizoeze nyumbani: vuta, shika, hesabu hadi kumi na tano. Ini liko chini kabisa ya mapafu na linapanda na kushuka na kila pumzi. Ukipumua katikati, kivimbe kidogo kinachorwa mara mbili au kinatoweka. Dawa ikiingia utahisi joto kifuani na kama umejikojolea. Hujajikojolea, inapita.

Onyo zito kuhusu kifua kikuu. Vivimbe vya kifua kikuu kwenye ini na bandama vinafanana sana na limfoma, na huku kwetu kifua kikuu kipo kila mtaa. Ndiyo maana wengine huanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia picha tu. Rifampisini hushusha takrolimasi kwenye damu kwa kiasi kikubwa mno, na mtu anaweza kupoteza figo kwa kutibiwa ugonjwa asio nao. Kama kuna ulazima wa kuanza, kliniki ya upandikizaji ijue kabla ya kidonge cha kwanza, dozi zipangwe upya, na kiwango cha damu kifuatiliwe kwa karibu.

Umefanikiwa ukiwa na picha za awamu ulizoomba, shingo hadi nyonga, kwenye CD, pamoja na ripoti inayosema wazi kama PTLD inawezekana au haielekei.

## Hatua ya 6: MRI, pale siti skani inapoacha shaka

Si kila mtu anaihitaji. Inafaa pale eGFR iko chini, pale vivimbe ni vidogo mno, au pale mrija wa nyongo umebanwa. Inafaa pia kwa mtoto, kwa kuwa haina mionzi.

Sehemu muhimu kuliko zote kwa swali letu ni picha ya msambao wa maji, ambayo madaktari huiita DWI. Limfoma, kwa kubanana kwa chembe zake, huyanyima maji nafasi ya kutembea, na kivimbe kinawaka kama taa. Haihitaji dawa yoyote. Ila usaha mzito nao huwaka, kwa hiyo hata hapa fomu ya Hatua ya 2 inahitajika.

Dawa ya MRI ina gadolini. Zile za zamani ziliwaletea baadhi ya wenye figo dhaifu ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa. Kama eGFR iko chini ya 30, uliza kama watatumia ya kundi jipya lililo salama zaidi. Taja chuma chochote mwilini, kuanzia betri ya moyo hadi kipande cha risasi.

## Hatua ya 7: PET, ikiwezekana

PET huonyesha wapi sukari inatumiwa kwa pupa. Limfoma nyingi zina pupa hiyo, kwa hiyo kipimo kimoja hutoa ramani ya mwili mzima na kuonyesha kivimbe kipi ni rahisi kuchoma sindano. Nairobi inapatikana Aga Khan na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Usile saa sita, maji matupu ruksa. Usifanye kazi nzito siku moja kabla. Sukari ya damu isizidi 11, na hapa waliopandikizwa hukwama, kwa kuwa prednisoloni na takrolimasi hupandisha sukari. Pima nyumbani asubuhi kabla ya kupanda basi. Ukikuta 15, piga simu upange siku nyingine badala ya kusafiri bure.

Kifua kikuu na majipu nayo huwaka. PET inajibu "wapi", haijibu "nini".

## Hatua ya 8: Kipande cha nyama

Picha bora duniani haitoi jina la ugonjwa. Jina hutoka maabara. Kazi ya picha ni kusema tuchome wapi, na kama kuna tezi ya shingo iliyovimba, mara nyingi ni salama zaidi kuichukua hiyo kuliko kuchoma ini.

Omba sindano nene inayokata vipande, ikiongozwa na ultrasaundi au siti skani. Sindano nyembamba inayofyonza chembe tu huvunja mpangilio wa nyama, na bila mpangilio huo maabara haiwezi kuainisha limfoma. Huu ni upotevu mwingine ninaouona kila mara: mgonjwa amechomwa, ameumia, jibu linarudi "sampuli haitoshi".

Vipande vigawanywe. Vya kwanza kwenye fomalini kwa patholojia, na fomu iombe CD20 (alama iliyo juu ya chembe za limfoma nyingi) na kipimo cha virusi vya Epstein-Barr ndani ya nyama, kiitwacho EBER. Kingine kwenye maji ya chumvi safi, bila fomalini, kwa kuotesha vijidudu na GeneXpert ya kifua kikuu. Fomalini huua vijidudu, na ukishavizamisha vyote humo, kuotesha tena haiwezekani.

Kabla ya kuchoma: chembe sahani na INR, yaani vipimo vya damu kuganda, na ruhusa ya daktari kusimamisha dawa za kuyeyusha damu. Baada yake lala ubavu wa kulia, uangaliwe kwa saa kadhaa. Bega la kulia kuuma kidogo ni kawaida. Kizunguzungu, jasho baridi na tumbo kujaa si kawaida, ita muuguzi hapo hapo.

Onyo. Dozi ya prednisoloni isipandishwe kabla ya kipande kuchukuliwa, isipokuwa maisha yapo hatarini. Limfoma huyeyuka kwa steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni, na kipande kitarudi kikiwa hakina kitu cha kusoma.

## Hatua ya 9: Picha za kufuatilia

Matibabu mara nyingi huanza kwa kupunguza dawa za kushusha kinga. Anayepunguza ni daktari wako, kamwe si wewe mwenyewe. Ndani ya wiki 2 hadi 4 hutazamwa kama vivimbe vimeanza kunywea. Kisha, kama chembe zina CD20, hufuata rituksimabu, dawa inayolenga alama hiyo, na wengine huhitaji tibakemia. Katika kipindi hiki kreatini hupimwa mara kwa mara, kwa sababu kinga inayoamka kupambana na limfoma inaweza pia kuigeukia figo.

Picha ya kufuatilia ipigwe kwa njia ile ile ya kwanza. Siti skani hulinganishwa na siti skani, awamu ya pili na awamu ya pili. Ukibadilisha ultrasaundi na MRI, milimita mbili za tofauti hazina maana yoyote.

Kwa PET utaona alama ya 1 hadi 5, iitwayo Deauville. Kipimo chake ni ini lako lenyewe: 1 hadi 3 maana yake kivimbe hakiwaki kuliko ini, 4 na 5 kinawaka zaidi. Ini likiwa ndilo gonjwa, mlinganisho huo unahitaji jicho la mzoefu, kwa hiyo uliza daktari alitumia sehemu gani ya ini kulinganisha. Baada ya tibakemia PET husubiri wiki 6 hadi 8, maana mwili unaojijenga nao huwaka.

Kila CD iandike kwa kalamu ya wino: tarehe, aina ya picha, kreatini ya siku hiyo, na dozi ya takrolimasi uliyokuwa ukimeza. Weka nakala kwa ndugu mmoja unayemwamini, na nyingine ibaki kwenye mkoba unaokwenda nao kliniki.